Elfu Tano ya Regina

2 Februari 2025, Ringwani

Mashine ya kufyatulia tofali imerudi kutoka kwa mchomeleaji wa Mugumu. Mkono mpya, elfu arobaini na tano. Akaniambia, "Mama, mkono huu utakuzika." Nikamwambia anipunguzie basi, kama ni wa kunizika. Hakupunguza.

Naanza kuandika kwa sababu mwaka huu sitaki kubishana na mtu. Watu wanadhani nyumba inajengwa kwa maneno ya mkutanoni. Mimi nilivunja kokoto kwenye machimbo ya dhahabu Nyamongo miaka tisa, nikajifunza kupima ukuta kwa kuwaangalia wanaume wakikosea, na hakuna aliyenichangia hata kijiko. Hesabu ni hii.

Watu wa mjini wanalipa ili waje kufundishwa kujenga kwa udongo, siku nane, kwa mikono yao wenyewe. Kila mmoja laki nne na themanini, na kila warsha ina watu kumi na wawili. Toa chakula chao, mahema, gari la kuwaleta kutoka Mugumu, saruji kidogo, malipo ya wanawake wa kukandika, na asilimia kumi na tano ya Vincent, mtoto wa dada yangu aliyeko Mwanza, ambaye kazi yake ni kuwatafuta watu hao kwa simu. Inabaki 1,166,000. Warsha tatu zinaleta 3,498,000. Bati na mbao za paa ni 3,470,000. Kuta wanazijenga wao wakijifunza, na paa wanalilipia. Inabaki elfu ishirini na nane, ambayo itanunua kufuli.

Nyumba itakuwa na vyumba vinne, ng'ambo ya korongo, jirani na zahanati. Mwanamke akikaribia kujifungua anahamia pale mapema. Mvua ikija na korongo likajaa, yeye yuko ng'ambo tayari. Frida wangu hakuwa ng'ambo. Kwa hilo sitaandika zaidi.

Rhobi, mkwe wa jirani yangu Regina, anatarajia katikati ya Aprili. Tumekubaliana atakuwa wa kwanza kulala mle.

5 Februari

Nimekaa na wanawake. Mwaka jana walikandika kwangu kwa risaga, kama tunavyolima na kujenga huku siku zote: unaita watu, wanakuja, unawapikia, hakuna hela inayotoka. Wewe unadaiwa siku. Akiita mwingine, unakwenda na jembe lako.

Mwaka huu nimebadilisha. Mgeni analipa laki nne na themanini ili Regina amfundishe kukandika, halafu Regina apewe ugali? Mimi nimenyonywa Nyamongo, siwezi kumnyonya mtu. Nimewaambia elfu tano kwa siku, mkononi, saa kumi jioni.

Regina akauliza, "Na chakula?"

"Kila mtu atakula kwake. Ndiyo maana kuna hela."

"Kwa hiyo tumekuwa vibarua wa Mama Frida."

"Vibarua wanaolipwa siku hiyohiyo. Umewahi kuwaona?"

Mokami, huyo mwenye kelele, akasema, "Mimi nachukua hela. Ugali wa Mama Frida mgumu kama tofali zake." Wakacheka wote. Regina alicheka pia, lakini alichelewa kidogo.

Kumlisha mtu mmoja mwaka jana kulikula kama elfu nne kwa siku: nyama, unga, togwa, kuni. Elfu tano ni nyongeza ya elfu moja tu, na sipiki. Kwa wanawake kumi na wanne, siku nane, nyongeza yote ni laki moja na elfu kumi na mbili. Kwa hiyo nimenunua amani, tena kwa bei nzuri.

10 Februari

Wageni wamefika. Wengi wao wanatoka Nairobi na Dar. Kuna Sarah, anasomea ubunifu wa majengo Nairobi, ana mikono laini lakini haogopi. "Mathe, hii matope iko sawa ama niongeze maji?" Nikamwambia aongeze nyasi, maji yanatosha.

Simioni, mwenyekiti wetu wa kitongoji, alisimama ukingoni mwa shimo la udongo asubuhi nzima, mikono nyuma.

"Shikamoo mwenyekiti," nikamwambia kwa utani, maana nimemzidi miaka miwili.

"Mogesi, niambie ukweli. Mtu mzima na akili zake anatoka Nairobi, analipa laki nne na themanini, aje akanyage tope?"

"Ndiyo."

"Huyo anatafuta dhahabu. Mimi nitakaa hapa. Wakiigusa tu, nataka niwe wa pili kuigusa."

Saa sita alikuwa bado amekaa. Saa saba Sarah akampa koleo. Akachimba mpaka jioni bila malipo, na dhahabu hakuiona.

13 Februari

Tofali 310. Mbili zimepasuka. Jua kali.

17 Februari

Warsha ya kwanza imekwisha. Kuta ziko kifuani. Imebaki 1,166,000 kamili, nimehesabu mbele ya Vincent kwenye simu mpaka akachoka.

Wanawake wamepanga foleni ya malipo bila kelele. Mokami akasema, "Asante, Bosi." Wengine wakadaka: Bosi, Bosi. Nikacheka nao. Sitasema uongo, nilifurahi. Mimi niliyekuwa nalala kwenye gunia pale Nyamongo leo naitwa bosi na watu wazima.

22 Februari

Nimefua.

3 Machi

Kundi la pili limefika. Kumi na wawili, wote wamelipa.

4 Machi

Jana jioni Regina alipita kwangu. Amesema leo ana risaga ya kupalilia ulezi, anaomba niende. Nimemwambia nina watu kumi na wawili wanaosubiri kufundishwa kupanga linta.

"Asubuhi tu," akasema. "Ukija mapema, saa nne umemaliza mstari wako, unawakuta wanakunywa chai."

Nimefikiri usiku. Siku moja yangu kwenye warsha, ukigawanya pamoja na siku za maandalizi, ina thamani ya elfu tisini. Siku ya kupalilia, kwa bei ya hapa, ni elfu tano. Mtu mwenye akili hatoi tisini kwenda kufanya kazi ya tano. Asubuhi nikamtumia elfu tano kwa simu, na ya kutolea nikaongeza, nikaandika: Nimeshindwa kufika dada, hii ni ya kibarua.

Hakujibu. Labda simu haina chaji.

Nimeokoa elfu themanini na tano.

7 Machi

Leo saa kumi kamili jioni wanawake wamenawa mikono. Rundo la tope lilikuwa limebaki, limechanganywa, la kutosha ukuta mzima. Mwaka jana wangelimaliza kwanza, maana tope lenye saruji likilala linakufa. Nikasema, "Jamani, robo saa tu."

Regina akasema, "Saa kumi imefika, Bosi."

Nimelitupa. Hasara kama elfu kumi na nane, ukihesabu na nyasi. Unamlipa mtu, halafu anakuangalia kama umemwibia.

10 Machi

Kuta zimefika juu. Vyumba vinne, madirisha manane. Nimesimama katika chumba cha kwanza, cha upande wa zahanati, nikasikia nesi anaongea kule kama yuko humuhumu ndani. Mtu akiita kwa sauti ya kawaida anasikika. Nikatoka nje nikifuta macho. Wageni wakadhani ni moshi wa jikoni.

Mkononi nina 2,332,000.

11 Machi

Rhobi amekuja kuiona nyumba yake. Ndivyo alivyosema, "Nimekuja kuona nyumba yangu." Tumbo limekuwa kubwa. Akachagua upande wa kulala, mbali na mlango. Nikampa togwa. Nikamuuliza mama mkwe wake hajambo. Akasema hajambo, akaangalia chini.

16 Machi

Mawingu upande wa Nyansurura. Yamepita.

18 Machi

Nimenunua bati sabini Mugumu, 2,170,000. Zimewekwa kwangu, upande huu wa korongo, kwa usalama. Warsha ya tatu inaanza tarehe 24 na hiyo ndiyo ya mbao. Aprili tano paa liko juu.

Mawingu tena.

20 Machi

Vincent amepiga simu. Alianza na "Mama mdogo, umeamkaje," nikajua.

Kundi la tatu limeahirisha mpaka Julai. Wameona utabiri wa mvua na barabara.

"Julai kuta hizo zitakuwa wapi?" nikamuuliza.

"Mama mdogo, ni wateja. Siwezi kuwalazimisha."

"Na asilimia kumi na tano yako ya warsha mbili za kwanza?"

Akasema alishalipa kodi ya nyumba. Nikamwambia simlaumu. Nilimlaumu baada ya kukata simu, kwa sauti, kuku wakakimbia.

Zilibaki 162,000, na humo nimeshatoa ya maharage na mchele wa kundi ambalo haliji. Mwenye duka la vifaa hapokei bati zikirudi. Bati ninazo, mbao sina.

22 Machi

Mvua ya kunyunyiza tu. Ukuta wa kaskazini umelainika mahali, kidole kinaingia. Saruji niliiweka kidogo mno, ili hesabu itoshe. Ukuta wa namna hii unavumilia mwaka mzima ukiwa na paa. Bila paa hauvumilii.

26 Machi

Nimepata njia. Bati zilazwe juu ya kuta hivihivi bila mbao, zikandamizwe kwa mawe, mpaka nitakapopata hela ya paa. Watu ishirini wanazibeba na kuzivusha korongo kwa mchana mmoja. Mtu mmoja hawezi hata kwa wiki, na mawingu hayana wiki.

Nimezunguka nyumba zote jioni hii. Nimesema ni risaga. Nimesema kesho saa mbili, kwangu. Kuwalipa sikutaka. Kibarua kilikuwa cha warsha ya wageni, lakini nyumba hii ni yao. Ni ya wakwe zao na mabinti zao. Nitalipaje mtu abebe bati la nyumba yake mwenyewe?

Wote wameitikia, "Tumesikia." Kwa Regina nilimkuta mwanawe Amos tu, mume wa Rhobi. Akasema atamwambia mama.

27 Machi

Niliamka saa kumi usiku nikapika. Ule mchele na maharage ya wageni, na jogoo wawili. Ugali sufuria mbili, laini safari hii. Togwa ndoo nzima. Nikapanga sahani ishirini kwenye mkeka.

Saa mbili hakuna mtu. Nikasema wanakamua.

Saa tatu Mokami na wenzake wawili wakapita njiani na majembe. "Habari za asubuhi, Bosi." "Nzuri, mnakuja?" "Tunakwenda shamba." Wakapita.

Saa tatu na nusu simu ikalia. Ujumbe wa hela. Umepokea shilingi elfu tano kutoka kwa Regina. Halafu ukaja wa maneno, na ameongeza hadi ya kutolea:

Nimeshindwa kufika dada, hii ni ya kibarua.

Nilikaa kwenye mkeka katikati ya sahani. Nilisoma maneno yangu mwenyewe kwenye simu yangu mwenyewe, na nilichukua muda kuelewa kwamba si mimi niliyeyaandika.

Aliyekuja ni Simioni peke yake. Alisimama getini akaangalia sahani, akaangalia mimi, na mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuwa na utani.

"Wangapi?" akauliza.

"Wewe."

Akavua koti. Tukabeba bati mbili mbili, yeye mbele mimi nyuma, tukashuka korongo na kupanda. Bati zinakata mikono. Safari ya tatu tukapumzika ng'ambo, akasema, "Mogesi, nikuambie kitu, usinipige."

"Sema."

"Siku ile ulipomtumia Regina hela, alikuwa shambani, watu wote wako kwenye mistari. Simu ikalia. Akasoma kwa sauti, maana alidhani unasema uko njiani."

Nikafuta damu ya kiganja kwenye kanga.

"Mtu akikudai siku, ni ndugu yako," akasema. "Utamwona tena, lazima, si anakudai? Wewe umewalipa wote. Umefunga. Hakuna anayekudai, wala wewe humdai mtu. Ni safi kabisa. Mimi mwenyewe nilishangaa, hesabu safi namna ile."

Safari ya sita, saa tisa hivi, mbingu ikawa nyeusi upande wa Nyansurura, na safari hii haikupita. Tulikuwa tumevusha bati kumi na mbili. Zilifunika ukuta mmoja na nusu. Upepo ukachukua nne, moja tukaiona inaruka juu ya paa la zahanati kama karatasi. Simioni akanivuta mkono. "Tuvuke, maji yanakuja." Nikamwambia avuke yeye. Akasema, "Nimekula kuku wako, siwezi kukuacha huku." Hakuwa amekula hata kipande.

Tulivuka maji yakiwa magotini. Nyumbani sahani zote zilikuwa zimejaa mvua.

29 Machi

Mvua.

30 Machi

Mvua. Korongo halipitiki.

3 Aprili

Leo limepungua, nimevuka. Ukuta wa kaskazini umelala wote. Wa mashariki umelala. Chumba cha kwanza kina tope mpaka kwenye dirisha, na dirisha ndilo limesimama, fremu peke yake. Palipo na bati ukuta upo, mzima, mkavu, kama nilivyoupanga. Kipande cha hatua nne. Mahali Sarah alipoweka alama ya kiganja chake pangali pana vidole vitano.

Nimejaribu kupiga hesabu ya hasara. Nimefika tofali elfu mbili mia nne nikaacha.

Njiani nilikutana na wanawake wanachota maji. Wakanisalimu vizuri. Nilikuwa na hasira nao tangu ile siku, nimepanga na maneno. Roho mbaya, wivu, watu wasiotaka kuona mwenzao anainuka. Leo nilipowatazama nikaona wamechoka tu kama mimi. Mokami ana kidonda mguuni kimefungwa kitambaa, na sijui amekipata lini. Zamani ningejua.

6 Aprili

Mvua.

8 Aprili

Mvua. Bati zangu hamsini na nane zimepangwa uani zinapigwa na mvua. Sauti yake sipendi.

11 Aprili

Naandika ili niondoe mikononi.

Mchana Amos amekuja anakimbia, amelowa. "Mama, shikamoo. Tunaomba bati moja." Sikuuliza. Nikachukua moja, yeye akachukua nyingine, tukashuka naye mbio. Rhobi alikuwa ukingoni mwa korongo, amelazwa kwenye kitanda cha kamba ambacho wanaume walimbebea, na maji yalikuwa ya kifua yakienda na miti. Bodaboda imeangushwa kando, haina kazi. Ng'ambo naliona lango la zahanati. Naiona na nyumba. Vile vifusi vinne.

Uchungu ulianza mapema. Walisubiri maji yapungue, hayakupungua.

Regina alikuwa amepiga magoti kwenye tope. Akainua kichwa akaniona na bati. Nilidhani atanifukuza. Akasimama, akashika ncha ya pili.

"Inua upande wako," akasema.

Nikainua. Tukasimama hivyo, yeye kichwani kwa Rhobi, mimi miguuni, bati katikati yetu, na mkunga wa pale kwetu chini yake. Mvua inapiga bati karibu na masikio. Kelele yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba Rhobi nilimwona anapiga kelele lakini simsikii. Ndiyo maana sikujua mara moja kwamba mtoto hakulia.

Nilijua kwa uso wa Regina. Aliendelea kushika bati. Mimi pia. Hakuna aliyekuwa na mkono wa kufutia macho.

Rhobi yuko hai. Walimvusha saa kumi na mbili jioni, maji yalipopungua. Yalipungua yenyewe, taratibu, kama hayakuwa na haraka na mtu yeyote.

Alikuwa wa kike.

13 Aprili

Wamemzika mtoto jana, nyuma ya nyumba ya Amos. Nilisimama mbali. Nilitaka kumwambia Regina jambo, kwamba kama siku ile ningekwenda kwenye ulezi, na yeye siku ile angekuja kwenye bati. Nikaona naye analijua, amelijua kabla yangu, na ndilo limemkunja mgongo hivyo. Kumwambia ni kumwongezea. Nikaondoka.

Ile elfu tano yake sijaitoa. Iko kwenye simu.

16 Aprili

Vincent ameandika: kundi la Julai limethibitisha, watu kumi na wanne. Nimeona. Sijajibu.

19 Aprili

Jua limetoka. Jana nilisikia ulezi wa Regina umezidiwa na magugu, palizi ya pili imepita wakati kwa ajili ya msiba, na leo wanawake wanakwenda kumsaidia. Mimi sikuitwa.

Nimechukua jembe la mkono nikaenda.

Walikuwa wameshaanza, kila mmoja na mstari wake. Mazungumzo yakakatika. Regina alikuwa mwisho kabisa. Nikamfuata, nikamwamkia vizuri. Akauliza bila kuinuka:

"Leo bei gani?"

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima. Yote yakapotea. Nikasema, "Nadaiwa."

"Ulishalipa."

"Nililipa hela. Nadaiwa siku."

Akaendelea kupalilia. Hakusema njoo, hakusema nenda. Mstari wa pembeni yake haukuwa na mtu. Nikainama nikaanza.

Ulezi na magugu vinafanana kabla ya kutoa masuke, inabidi ushike kila jani. Miaka mingi sijafanya kazi hii. Kiuno kiliniuma mapema kuliko nilivyotegemea. Nilikuwa nyuma ya wote, hata nyuma ya Mokami na kidonda chake. Saa sita chakula kikaletwa, wakakaa kivulini, wakanawa. Hakuna aliyeniita. Kwenye risaga asiyepewa chakula hajahesabiwa, na mimi hilo nalijua. Nikabaki mstarini. Nilisikia vijiko. Nilisikia Mokami anasema kitu, na mtu anamwambia nyamaza.

Jua likaanza kushuka. Wenzangu walikuwa wamemaliza na kuondoka, wawili wawili. Nilikuwa nimebakiza hatua kama kumi nilipoona miguu ya Regina, imesimama kwenye mstari wangu, upande nilikotoka. Alikuwa anakagua.

"Mama Frida," akasema.

Tangu Februari hakuna mtu aliyeniita hivyo. Sikuweza kuinua uso.

"Mama Frida, umeacha magugu huku nyuma."

Nikarudi nyuma nikayang'oa.